Picha Niliyoifuta

Mume wangu Kondo,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini mimi sitakuuliza. Hali yako naijua, na katika Bagamoyo nzima naijua peke yangu. Mama yako hataki kuisikia, sheikhe anasema hana njia ya kuithibitisha, na majirani hapa Dunda wanadhani uko safarini na umenisahau. Umekufa, mume wangu. Huu ni mwezi wa tano na hujaswaliwa, hujasomewa hata hitima, na sababu ni mimi. Nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limenishinda. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa unajua mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Hata majina nyuma ya picha za wateja ulikuwa unaandika wewe.

Nianze na yale majaruba ya chumvi, kwa sababu kila nikikukumbuka unanijia ukiwa na tope mpaka magotini. Ulikuja kwetu Mlingotini siku ya Jumamosi, umevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, kamera imening'inia shingoni, eti umetumwa kupiga picha za kalenda. Sisi wanawake tulikuwa tunakwangua chumvi. Ukawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, vizuri kabisa, kisha ukapiga hatua mbili ukazama. Kiatu kimoja kilibaki humo humo. Tulicheka mpaka shangazi yangu akakaa chini. Mimi ndiye niliyekuhurumia, au niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Kaka, umetoka wapi?" nikakuuliza.

"Miono."

"Inaonekana. Sasa nisikilize, Mkwere wa watu. Kanyaga peupe. Palipo peupe chumvi imeshika, panabeba mtu. Peusi ni tope, patakula na hicho kiatu cha pili."

Ukakivua hicho cha pili, ukakishika mkononi, ukanifuata nyuma ukikanyaga pale pale nilipotoa mguu wangu. Ulikuwa unakanyaga kwa adabu, kama mtu anayepita katikati ya watu waliolala. Ulipomaliza kazi ukaahidi utarudi kuniletea picha. Ulirudi mara nne na picha hukuleta hata moja. Mara ya tano ulikuja na wazee.

Ule mwaka wa kwanza wa studio yetu, chumba cha mbele cha kupigia picha na cha nyuma cha kompyuta, ndio mwaka ninaoupenda. Ulinifundisha kazi kwa ajili ya shughuli za kike. Mwanamume haingii kwenye singo, bibi harusi anaposuguliwa mwili, wala chumbani kwa bibi harusi, na wanawake wa hapa hawamwachii mpiga picha wa kiume aone nywele zao hata awe babu kizee. Basi wewe ukawa wa msikitini na ukumbini, mimi nikawa wa ndani. Kadi zangu za kamera nilizifungia kwenye kibweta chenye uzi mwekundu, na miaka yote ile hukuwahi kukigusa. Siku moja nikakuchokoza, "Huna hamu hata kidogo ya kuona?" Ukajibu, "Ninayo sana, ndiyo maana sigusi." Nilicheka, lakini siku ile nilikupenda zaidi, na sikukwambia.

Nilikuwa na sheria yangu ya kazi na wewe ulikuwa ukinitania kwayo. Picha ya kumwaibisha mtu haitoki kwenye kamera. Mama mtu mzima akicheza na khanga ikamvuka, bibi harusi akilia mpaka wanja ukafika kidevuni, nafuta hapo hapo, hata mwenyewe simwonyeshi. Na kwa kuwa mafundi wa siku hizi wanafufua hata kilichofutwa, kila nikimaliza shughuli nilikuwa nahamisha picha nzuri kwenye kompyuta, naisafisha kadi yote, halafu naijaza upya kwa kulipiga pazia letu la bluu, picha juu ya picha, mpaka kamera iseme hakuna nafasi. "Mwajuma," ulikuwa ukisema, "pazia hilo siku moja litaomba talaka." Sema utakavyo. Wanawake wa Bagamoyo waliniamini na nyuso zao kwa sababu hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujikuta mahali asipopataka.

Halafu kila mtu akawa na simu, na kila mwenye simu akawa mpiga picha. Tukabaki na picha za pasipoti na za vitambulisho. Sikuona ubaya sana, mimi. Wewe ndiye uliyenywea. Ulikuwa unakaa kwenye kile kistuli mbele ya pazia, mahali wanapokaa wateja, unafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Mpaka siku ile ulipoona video ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa kule kaskazini ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, kwamba unatema moto tena.

"Wote hawa wanapiga kwa mbali," ulisema. "Mimi nitausogelea, Mwajuma. Nataka picha ambayo mtu akiitazama arudi nyuma hatua moja. Hiyo mwenye simu haipati."

Nami na mdomo wangu nikasema, "Wewe uliyeshindwa na chumvi utauweza moto?"

Ulinyamaza siku mbili. Ulikuwa huwezi kugomba, ulikuwa unajua kununa tu, na kununa kwako kulikuwa kunanichosha kuliko ugomvi. Siku ya tatu nikakufungia begi mimi mwenyewe, nikatia kashata na sweta la rangi ya maziwa, maana nilisikia huko juu kuna baridi. Stendi ukaanza kunipa maagizo: betri, maji, mama apigiwe simu. Nikakwambia, "Nenda basi, uniache nipumue." Ukacheka, ukapanda basi. Tangu siku hiyo, Kondo, nimepumua vya kutosha.

Siku ya nne ukapiga simu kutoka kile kijiji kilicho chini ya mlima. Ulikuwa umeshapanda mara moja na kushuka, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa.

"Mke wangu, moto wenyewe si mwekundu."

"Ni wa rangi gani basi?"

"Mweusi. Unatoka unachemka kama oili chafu ya gari. Ukiupiga kwa mbali ni tope tupu. Watu watasema nimepiga picha mtaro wa Kariakoo."

Nilicheka, nawe ukacheka kidogo. Ukanieleza kwamba uji ule wa moto hutoka mweusi, na baada ya siku moja au mbili hugeuka mweupe, kwa hiyo shimo lote la juu ya mlima lilikuwa limetandazwa weupe kama chokaa. Miaka ya nyuma shimo lilikuwa refu, sasa lilikuwa limejaa karibu na ukingo, mtu anaweza kushuka kwa miguu yake. Ukasema njia ni moja tu: kufika pale pale uji unaporuka, maana kwa karibu ndani ya ule weusi kuna wekundu, na ndiyo picha yenyewe. Lakini kiongozi wako, Saitoti, alikuwa amekataa katakata watu kushuka.

"Ila pako kama kwenu, Mwajuma. Peupe kote, na peusi hapa na pale."

Nilikuwa nakaanga samaki. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega. Nikakwambia bila kufikiri, "Si unajua, basi? Kanyaga peupe."

"Peupe panabeba," ukasema, kama mwanafunzi anayerudia somo.

"Panabeba. Hebu niache, samaki wanaungua."

Ndivyo nilivyokuaga. Sikusema kwaheri, sikusema Mungu akulinde. Nilisema samaki wanaungua, na hawakuwa wanaungua.

Sikujua, Kondo. Mimi ni mtoto wa Mlingotini, najua chumvi. Sikujua kwamba kule weupe si kukomaa, ni kuoza. Saitoti ndiye aliyekuja kunieleza. Ule uji ukikaa hewani na kunyeshewa unageuka unga, juu unaonekana gamba zuri, chini kuna pango, na ndani ya pango uji mwingine unapita. Mara nyingine peusi palipopoa jana ndipo pagumu kuliko peupe pa mwezi uliopita. Mtu wa kule hawezi kufanya kosa lile. Mtu wa kwenu Miono naye asingelifanya, angeogopa kote sawasawa na angebaki ukingoni. Ilitakiwa mtu aliyefundishwa kutembea na mwanamke wa chumvi.

Polisi wa huko walinipigia kwanza, wakasema umepotea. Wiki moja baadaye Saitoti akaja mwenyewe kwa basi mpaka Bagamoyo, mtu mzima wa makamo, amebeba begi lako, kamera moja na ile stendi ya miguu mitatu. Hakuna aliyemtuma. Alikataa kukaa mpaka alipokwisha kusema alichojia.

Akaniambia kwamba siku iliyofuata ile simu yetu mlipanda tena. Uliisimamisha kamera moja ukingoni juu ya stendi, ukaitega ijipige yenyewe kila baada ya sekunde kumi, ili uonekane ulivyo mdogo mbele ya moto ule. Ile nyingine ukaishika mkononi, ukaanza kushuka. Yeye akakukatalia.

"Nikamwambia mzee, hapa hapana," alisema. "Yeye akaniambia, usiogope, mke wangu ni mtoto wa chumvi, ameniambia panabeba. Nikaenda nyuma ya jiwe kuchukua kamba kwenye mzigo, nimfunge hata kiunoni. Kurudi naona mvuke tu. Mvuke kuondoka, mtu hayupo."

Yeye na watu wa kijijini walikutafuta siku mbili, kuzunguka shimo na kushuka mlima pande zote.

"Mama, mimi sikuona," akasema. "Siwezi kusema nimeona kitu ambacho sikuona."

Nikamwomba ayarudie yale maneno uliyosema kuhusu mkeo. Akayarudia polepole, kwa upole, akidhani ananifariji. Akanikabidhi kamera. "Sijaifungua. Ni amana."

Nikamwekea chai na maandazi chumba cha mbele, nikaingia nyuma nikaweka kadi kwenye kompyuta. Nikakuona unashuka. Kila picha umesogea kidogo, mgongo umeinama, umevaa lile sweta la rangi ya maziwa nililokufungia. Unapita peupe, unakwepa peusi, kwa adabu ile ile. Ukafika karibu kabisa, ukapiga goti, ukaweka kamera jichoni, na mbele yako ule uji ukaruka juu kuliko kichwa chako. Ulikuwa umeipata, Kondo. Picha uliyoifuata ulikuwa umeipata, nami ndiye shahidi, ingawa kamera iliyoibeba iko huko uliko wewe.

Picha iliyofuata ulikuwa umeingia mpaka kifuani. Mikono umeitandaza juu ya weupe ule, na uso umeuelekeza kwenye kamera ya ukingoni, kana kwamba kuna mtu huko anayeweza kukuvuta. Sitaandika uso ule ulivyokuwa. Nimelala pembeni yako miaka kumi na mitatu, na uso ule sikuwahi kuuona.

Baada ya hapo mvuke, picha tatu au nne. Kisha peupe tena, na mahali ulipokuwa pana doa jeusi la ukubwa wa mkeka. Madoa kama hayo yalikuwa mengi mle shimoni, mtu asiyejua hawezi kulitofautisha hata moja. Baada ya hapo picha nyingi sana za mahali pasipo na mtu, mpaka Saitoti alipoizima.

Kidole changu kilibonyeza kabla sijafikiri. Niliufuta uso ule kama nilivyofuta nyuso zote ambazo wenyewe wasingependa zionekane. Na mikono ikaendelea na kazi iliyoizoea: nikahamisha picha zilizobaki, nikaisafisha kadi, nikairudisha kwenye kamera, nikaenda mbele nikalipiga pazia. Saitoti alikuwa pale pale anakunywa chai, ananitazama. Nilikuwa nalia na kubonyeza, nalia na kubonyeza, mpaka kamera ikakataa. Nilidhani nakusitiri. Nilikuwa namfikiria mama yako, kwamba mtu asije akamwonyesha mwanawe akiwa hivyo. Haki ya Mungu sikufikiria kitu kingine.

"Umeona kitu, mama?" Saitoti akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Akaondoka na neno hilo, akawapelekea polisi wa kwao. Nami jioni ile nikampigia mama yako nikamwambia vilevile, kwamba kwenye picha hakuna kitu, unaonekana kisha huonekani. Nilitegemea alie, tulie wote. Badala yake nikasikia vigelegele. "Alhamdulillahi! Basi mwanangu hajafa!" Akaniacha kwenye simu akatoka nje kuwaita majirani.

Nilikaa siku tisa nikijiambia kesho nitasema. Siku ya kumi nikaenda Miono. Nilimkuta mama anamenya mihogo, akanipokea vizuri, akaniuliza kama umepiga simu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nimekuja kusema kweli. Kuna picha moja. Nilimwona."

Hakuacha kumenya. "Iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Juzi hakuna, leo kuna, na hiyo iliyopo imefutwa."

"Wallahi, mama, alikuwa anazama. Niliogopa usije ukamwona vile."

"Kama ulimwona, nionyeshe. Kama huna cha kunionyesha, mwanangu yu hai." Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwajuma, wewe bado kijana. Ukitaka kuolewa, sema, sisi watu wazima tutakuelewa. Usimuue mwanangu ili upate njia."

Hakupandisha sauti. Akaivisha mihogo ile, akanipakulia, tukala sahani moja. Aliniambia anaona kabisa umepigwa na mvuke ukachanganyikiwa, ukashukia upande wa pili wa mlima, na Wamasai wema wamekuweka. Au umepata mke huko. "Hata akiwa na wanne," alisema, "sitamgombeza." Nilitaka kumweleza na lile la kukanyaga peupe. Badala yake nikamega muhogo mwingine. Mtu anayeamini mwanawe yu hai utamwambiaje kwamba wewe ndiye uliyemuua?

Nikaipeleka kadi Kariakoo kwa fundi. Alishinda nayo kutwa, mashine inazunguka, mimi nimekaa kwenye benchi namwomba Mungu anirudishie uso ule niliokuwa nimeukimbia. Alasiri akaniita. Alikuwa amefufua picha mia kadhaa, zote za pazia la bluu. "Mama, aliyefanya hivi anaijua kazi," akasema. "Huyo alitaka isipatikane kabisa."

Nikaenda kwa sheikhe wa msikiti wetu. Unamjua, binti zake wote wawili niliwapiga picha za harusi mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikamwomba jambo moja tu, uswaliwe swala ya asiyekuwepo, nami nikae eda yangu kama wanawake wengine.

"Mimi binafsi nakuamini," alisema. "Lakini hili si la kuamini mimi, ni la ushahidi. Shahidi ni mmoja, naye ni mke, naye alishasema hakuna. Kiongozi hakuona. Mama mzazi anasema mwanawe yu hai. Nitamswaliaje mtu ambaye mama yake anamsubiri?"

"Tutasubiri mpaka lini, sheikhe?"

"Mpaka Mungu alete bayana."

Nikamwambia Mungu aliileta, ilikuwa kwenye kadi, nikaifuta mimi. Akainamisha kichwa. Alikuwa na huruma, sitamsingizia, na huruma yake haikunisaidia kitu. Serikalini nako wameniambia mtu aliyepotea husubiriwa miaka. Nimeacha kuhangaika huku na huko. Hakuna mlango uliobaki ambao sijaubisha, na yote imefungwa kwa kidole changu.

Basi nikakaa eda mwenyewe, kwa siri. Nilihesabu kuanzia siku ile ya mlima, miezi minne na siku kumi. Nikaweka hina mbali, na udi, na wanja. Sikutoka ila kwa dharura. Waliokuja kuniita kwenye shughuli nikawaambia mgongo unauma, wakasema Mwajuma siku hizi anaringa, wakampata msichana mwenye simu. Hakuna aliyekuja kukaa nami mkekani. Hakuna aliyeniletea uji. Nilikuwa nikisikia hodi nafuta macho haraka, maana mke wa mtu aliye safarini hana cha kulilia.

Ninakukasirikia pia, usidhani sikukasirikii. Ulikuwa na ukaidi wako kichwani. Mtu wa mahali pale amekwambia hapana, wewe ukamsikiliza mwanamke anayekaanga samaki umbali wa siku mbili kwa basi. Nani alikwambia unisikilize kila kitu? Mambo mangapi nilikwambia ya maana hukusikiliza? Nilikwambia uache kulala na redio, uliacha? Kisha nikikasirika namna hiyo nakumbuka ulivyokuwa unakanyaga kwenye zile picha, taratibu, kwa imani yote, na hasira inaisha nabaki sina hata hiyo.

Jana eda yangu ilikwisha. Mjane hutolewa na wanawake wenzake, huogeshwa, akavishwa nguo mpya, akafukizwa, wakaombeana msamaha. Mimi nilichota ndoo nikaoga, nikavaa dera la siku zote. Nilipotoka nje jirani yetu wa ng'ambo alikuwa anafagia. "Baba hajambo huko aliko?" akaniuliza. Nikasema hajambo.

Nilitegemea siku ikifika nitahisi kitu, kama mzigo kutuliwa. Sikuhisi. Eda isiyo na shahidi ni kukaa ndani tu. Mbele yangu sioni chochote, Kondo. Sitaolewa, kwa kuwa kwa watu mimi ni mke wako. Siwezi kukulilia, kwa kuwa kwa watu u hai. Siku nitakapokufa labda watakusomea na wewe, kwa kuunganisha tu. Nafungua studio asubuhi, namkalisha mteja kwenye kistuli, namwambia asicheke, ya pasipoti haichekwi. Mchana nafunga.

Alasiri hupiga mama yako. Kila siku, tangu siku ile. Hatuzungumzi tena habari ya picha, tunasalimiana vizuri kama zamani, nampa shikamoo, ananipa marahaba, kisha anauliza, "Kapiga?" Nami nasema, "Bado, mama." Mwanzoni nilikuwa nakataa kusema bado. Nilikuwa nanyamaza, naye ananyamaza, na muda wa simu unaisha hivyo. Siku hizi nasema. Sauti yake imeanza kuzeeka, na sina moyo wa kumnyang'anya kwa mara ya pili kitu ambacho siwezi kukithibitisha.

Leo alipopiga alikuwa na furaha. Aliniambia ameacha shamba la nyuma ya nyumba lisivunwe, watu wanataka kununua amewakatalia. Akanipa maagizo, akanifanya niyarudie mpaka aliporidhika kwamba nimeyashika. Nikamwahidi nitakufikishia. Sikuwa na anwani nyingine ila hii karatasi, na ahadi ya mama siwezi kuivunja pia.

Mama anakusalimu sana. Anasema mananasi yameiva, usichelewe.

Pumzika, mume wangu, kama hapo ulipo pana kupumzika.

Mjane wako,
Mwajuma